Nusu ya Jiwe la Kusagia

Kuna watu wanaolipa kiingilio ili watembee porini. Huwa nawaona Jumamosi asubuhi wakitoka Nakuru mjini, vijana wenye viatu vya rangi kali na chupa za maji zinazoning'inia kwenye mikoba, wakienda kupanda Longonot au kuzunguka vichaka vya Elementaita. Jioni nawaona tena kwenye simu, wamekunja nyuso kwa jua na kuchekelea. Sina ugomvi nao. Lakini mimi nilitembea porini bure tangu nikiwa na meno ya utoto, kuni mgongoni, na nilipofungua duka langu la mbegu na dawa za mifugo hapa Bahati nilijiambia kwamba miguu yangu imestaafu. Mtu akinitajia matembezi ya kujifurahisha, namtazama tu.

Kwa hiyo siku mama aliponiambia anataka kwenda kutembea kule Elementaita, nilidhani ananitania. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni akichambua maharagwe kwa vidole, maana macho hayakuwa tena ya kutegemewa. Daktari alikuwa ametueleza bila kuzunguka: ni presha ya macho, kilichokwisha kupotea hakirudi, na matone tuliyopewa ni ya kuchelewesha tu hicho kidogo kilichobaki. Tayari mama aliona kama mtu anayechungulia kwenye kipande cha bomba. Alimsikiliza daktari, akamshukuru, akakaza kitambaa chake cha kichwa. Mimi ndiye niliyekwenda kulia chooni.

"Nataka kumwona mtoto," aliniambia siku hiyo ya maharagwe.

"Mtoto gani, Mama?"

"Yule wa kwanza. Kabla haya macho hayajazima."

Yule wa kwanza ni kaka yangu, ambaye sikuwahi kumwona. Alizaliwa na kufa kabla yangu, kwenye shamba kubwa la mzungu upande wa Elementaita ambako baba alichunga ng'ombe wa maziwa. Surua ilimchukua akiwa ameanza tu kusimama kwa kushika ukuta. Wafanyakazi wa shamba hawakuwa na makaburi yao. Ukifiwa na mtoto, ulitafuta mahali pasipo na mwamba, na kule mwamba ndio ardhi yenyewe, mawe meusi yaliyomwagwa na milima iliyolipuka zamani. Baba alipata kiraka cha udongo mwekundu kando ya njia ya kuni, katikati ya leleshwa, vile vichaka vya majani ya kijivu vyenye harufu ya dawa ya kifua. Akachimba hapo. Kisha wakarundika mawe juu yake kwa sababu ya fisi.

Hivyo ndivyo nilivyomfahamu kaka yangu, kama rundo la mawe. Tulipotoka kuokota kuni mama alikuwa na mzigo mgongoni na kamba imekaza kwenye paji la uso, na mtu mwenye mzigo wa namna hiyo hawezi kuinama. Alikunja magoti polepole, mgongo wima, akapapasa chini mpaka akashika jiwe, akainuka kwa kuguna na kuliweka kwenye rundo. Mimi nami niliweka langu. Nilidhani ni jambo linalofanywa na kila apitaye na kuni. Nilimuuliza mara moja tu sababu yake. "Fisi wasifukue," alisema, na tukaendelea na safari. Shangazi yangu ndiye aliyekuja kunieleza kilichokuwa chini, nikiwa msichana mkubwa.

Juu kabisa ya rundo lile palikuwa na nusu ya jiwe la kusagia. Mama alikuwa amelitoa kwao alipoolewa, jiwe pana la kijivu lenye kishimo katikati kilicholainishwa na mikono ya nyanya yake. Lilipasuka wiki ile ya mazishi. Wengine husema lilipasuka lenyewe, shangazi alisema mama alilipasua kwa shoka. Sijawahi kuuliza. Nusu moja akaipeleka kaburini, nusu ya pili ikabaki nyumbani. Baba alipopata ploti huku Bahati na tukapakia vyombo kwenye lori, waligombana mbele ya dereva kwa ajili ya hiyo nusu.

"Tunahama na mawe?" baba alifoka. "Bahati hakuna mawe?"

 Mama alipanda lori na kulipakata jiwe lake njia nzima kama mtoto. Tangu hapo limekuwa likizuia mlango wa jikoni usijifunge, na vidole vyangu vya miguu vinalijua vizuri sana.

Mzungu alikwisha kuondoka, shamba likagawanywa na kuuzwa na kuuzwa tena, na ile sehemu yetu kavu isiyofaa hata kwa mahindi ikageuka hifadhi ya wanyama. Niliwahi kuisoma kwenye bango la barabarani: matembezi, ndege, mandhari. Nilicheka peke yangu ndani ya gari. Mahali tulipokuwa tukikimbizwa na kiu, sasa watu walikuja kutafuta mandhari.

Nilikwenda kwanza peke yangu kuomba ruhusa langoni. Askari wa pale alikuwa mtu mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyonikera, maana huwezi kumgombeza mtu anayekuita mathe kama mama yake na kukuletea kiti. Alisema hana habari ya kaburi lolote. Alisema kuna nyati wanaotembea peke yao, wale madume wazee wenye hasira, kwa hiyo hakuna anayeruhusiwa kushuka kutoka kwenye gari isipokuwa walio kwenye kundi la matembezi lenye mwongozaji. Njia ni moja, imewekwa alama, na haitokwi.

"Kwa hiyo tukitaka kumwona marehemu wetu tuje kama watalii?" nilimuuliza.

"Mathe, hata mimi singependa iwe hivyo," alisema. "Lakini ndio hivyo."

Aliyetutoa pale tulipokwama ni mpwa wangu, binti wa dada yangu mdogo, anayesoma chuo Nakuru. Ni mmoja wa hao wa viatu vya rangi kali. Alikuja dukani kunisaidia kupanga magunia ya chakula cha kuku, nikamweleza, akashangaa kwamba hakuwahi kusikia habari za mjomba huyo.

"Aunty, si mkuje tu na sisi," alisema. "Group yetu inaenda hukohuko mwisho wa mwezi. Route ni rahisi, hata watoi huenda."

"Na nyanya yako ataiweza?"

"Shosh ako fiti kukuliko."

Hilo sikulipenda, lakini lilikuwa kweli.

Jumamosi hiyo mama alivaa gauni lake la kanisani, sweta juu yake, na raba nyeupe tulizomnunulia ambazo alizikataa kwanza kwa kusema ni za watoto wa shule. Alikuwa ameamka mapema na kuoga kwa maji mengi kama anayekwenda harusini. Garini alikaa karibu na dirisha, na kila tulipopita mahali alinitaka nimtajie. Nilimtajia Lanet, nilimtajia kituo cha mafuta kilichobadilishwa rangi, nilimtajia ziwa lilipoanza kuonekana. Aliitikia kila jina kwa "ee," polepole, kama mwalimu anayeita majina darasani na kusikia wote wapo. Mimi nilikuwa na woga ambao sikujua sababu yake. Au niliijua. Nilikuwa sijaliona rundo lile tangu siku ya lori.

Langoni mwongozaji alitukusanya. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kofia pana na fimbo, aliyezoea kusema maneno yaleyale kila wiki na bado akayasema kwa uchangamfu. Tusitawanyike. Tusipige kelele. Tusichukue chochote, si unyoya, si mfupa, si jiwe.

"Kila kitu tunaacha vile tumekipata," alisema. "Sawa?"

"Sawa!" vijana waliitikia.

Mama aliguna kidogo. Nikadhani ni magoti.

Ulikuwa mwaka mbaya. Mvua ya vuli ilikuwa imetudanganya, nyasi zilikuwa zimebaki mashina, na vumbi jeupe la magadi lilipeperuka kutoka ufukweni na kutuingia mdomoni. Jambo la ajabu ni kwamba ziwa lenyewe lilikuwa limejaa kupita kiasi. Limekuwa likipanda kwa miaka kadhaa, kama yalivyopanda maziwa yote ya bonde hili, na hakuna aliyeweza kunieleza nikaelewa ni kwa nini maji yanaongezeka mahali ambapo mvua imekata. Migunga iliyokuwa kwenye nchi kavu nilipokuwa mdogo ilisimama majini imekufa, myeupe, na ndege mwari walikuwa wamekaa juu ya matawi yake. Flamingo walikuwa wachache sana, mstari mwembamba tu wa waridi upande wa mbali. Vijana walipiga picha. Tulipita mifupa ya pundamilia, ngozi bado imeshika mbavu, wakaipiga picha nayo.

"Laini ziko wapi?" mama aliniuliza. Alimaanisha zile nyumba za wafanyakazi, zilizojengwa kwa mstari.

"Ziko majini, Mama."

"Na kisima?"

"Majini."

Alisimama. Mpwa wangu alikuwa amemshika mkono, na twiga walikuwa wakituangalia kutoka ng'ambo ya vichaka, wakitafuna kwa upole wao ule unaokaribia kuwa dharau. Mama hakuwaona. Aligeuza kichwa kulia na kushoto kutafuta kitu cha kuingiza kwenye kile kipande cha bomba alichobakiwa nacho. Kisha akavuta hewa.

"Leleshwa," alisema. "Basi tuko karibu. Tafuta mti wa maziwa." Huo ni ule mti mnene usio na majani, unaotoa utomvu mweupe ukiukata, na ulikuwa mmoja tu kwenye njia ya kuni. "Ukisimama kwenye mti wa maziwa na mlima ukiwa begani kwako hivi, yeye yuko mbele yako. Mwendo wa kufikisha mzigo bila kupumzika."

Mlima niliuona, kile kilima cha mawe meusi, hakijabadilika hata kidogo. Mti wa maziwa sikuuona. Niliona kisiki kimelala, kimekauka na kuwa sponji, na pimbi wakaruka kutoka ndani yake. Nilisimama hapo, nikaweka mlima begani kama alivyosema. Mbele yangu palikuwa na udongo mwekundu, leleshwa, njia ya magari ya hifadhi, na njia ya miguu iliyosafishwa vizuri, yenye mawe madogo yaliyopakwa chokaa pande zote mbili. Hapakuwa na rundo. Nilikwenda mbele, nikarudi, nikaingia kichakani mpaka mwongozaji akaniita.

"Mathe, huko hapana! Tukae kwa njia."

"Umeliona?" mama aliuliza.

"Bado."

"Liko. Ni kubwa. Nilikuwa nimeliwekea mawe mengi."

Nilisema labda liko mbele kidogo. Mtu akiongopa mwanzoni huona ni jambo dogo tu. Niliwaacha wao wawili wakija polepole, nikatangulia na vijana kupanda kilima, nikiwa na wazo kwamba kutoka juu ningeweza kuliona.  Nilikuwa nimekasirika na kila kitu, na mvua, na baba aliyetuhamisha, na binti mmoja wa kundi aliyekuwa akipiga picha za chupa yake ya maji ikiwa juu ya jabali.

Juu palikuwa na uwanja mdogo wa mwamba mtupu, mweusi, umelainishwa na upepo. Ndipo mahali pa kutazamia mandhari. Kulikuwa na ubao wa majina ya milima, Eburru upande huu, Longonot kwa mbali sana ndani ya ukungu wa vumbi. Na katikati ya mwamba palikuwa na rundo la mawe, refu kuliko mimi. Vijana walikuwa wamelizunguka, kila mmoja ameshika jiwe lake, wamefumba macho.

"Hapa mtu huwish," mwongozaji alieleza. "Unaokota jiwe, unafikiria kitu unataka, unaweka. Wageni wanapenda sana."

Katikati ya rundo, usawa wa kifua changu, palikuwa na jiwe pana la kijivu lililopasuka upande mmoja. Katika kishimo chake mtu alikuwa ameacha kifuniko cha soda.

Nilikitoa kile kifuniko. Nilitia vidole vyangu kwenye kishimo, na vidole vililitambua jiwe kabla ya kichwa changu, maana pacha wake huyo ndiye ninayemsogeza kila ninapofagia jikoni.

"Haya mawe yametoka wapi?" nilimuuliza mwongozaji.

"Huko chini kwa bush. Yalikuwa yamerundikwa tu huko bure. Wale walitengeneza path waliyabeba wakaleta hapa juu, ndio wageni wasikuwe wanang'oa yale ya njia."

"Huko chini wapi?"

"Sijui, mathe. Mimi nilipata yakiwa hapa."

Nilitaka kumpiga mtu. Hakukuwa na mtu wa kupiga. Waliona mawe yamerundikwa porini, wakadhani mawe ni mawe. Na hawa vijana kwa wema wao wakaendelea kuyaongeza, kila Jumamosi, wakiombea mitihani na kazi na wachumba juu ya mawe ya kaka yangu, huku yeye mwenyewe amelala mahali fulani kule chini bila hata moja, mahali ambapo gari lilipita asubuhi hiyo au litapita kesho. Nililia, nikajifanya ni vumbi. Nikatazama chini ya rundo. Mwamba mtupu, hata mchwa asingepata pa kuingia.

Mama alikuwa anapanda. Nilimsikia akihema, na mpwa wangu akimwambia, "Polepole Shosh, hapa kuna step." Nilikuwa na muda wa kupumua mara chache tu kuamua. Nilifikiria kumwambia. Nilifikiria uso wake utakavyokuwa, na njia ndefu ya kurudi, na yale macho yakizima juu ya habari hiyo. Nikashuka hatua kadhaa kumpokea.

"Mama," nilisema, "tumempata."

Alisimama kabisa. Kisha akanyoosha mikono mbele yake kama mtu anayepokea mtoto kutoka kwa mkunga, na mimi nikaishika na kuipeleka kwenye jiwe.

Alilijua papo hapo. Alipitisha kiganja kwenye kishimo, akazunguka ukingo mpaka kwenye upande uliopasuka, akazungusha kidole pale palipokatika. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Kisha akapiga magoti na kuanza kupapasa mawe mengine, ya katikati, ya chini, akazunguka rundo lote kwa magoti, akipapasa mpaka chini kabisa, mpaka mikono ikaegemea mwamba. Alikaa hapo, viganja vimelala juu ya mwamba, kichwa kimeinama.  Kijana mmoja alivua kofia. Nilidhani mama anasali.

Alipoinuka alitaka jiwe. Mpwa wangu aliinama kumwokotea, lakini alimzuia. Alikunja magoti yake polepole, mgongo wima, kichwa hakikusogea, akapapasa nyuma ya kisigino chake mpaka akapata moja, akainuka kwa kuguna. Hakuwa na mzigo wowote mgongoni. Mwili wenyewe ulikumbuka. Nilipoona hivyo nililazimika kugeukia upande wa ziwa.

Aliliweka. Mimi nikaweka langu.

"Shosh umewish nini?" msichana mmoja aliuliza, kwa upole kabisa, hakuwa na ubaya.

"Nimemsalimia mtu," mama alisema.

Walicheka kidogo, kisha wakaacha.

Kundi lile halirudi nyumbani bila kupitia Kikopey, kule kwa nyama choma, hiyo ni kama sehemu ya matembezi. Tulikaa kwenye benchi ndefu, moshi wa nyama ukituingia machoni, wachinjaji wakigonga visu kwenye magogo na kuita magari kutoka barabarani. Vijana walikuwa wamerudisha sauti zao. Nyama ya mbuzi ililetwa kwenye ubao, na kachumbari, na ugali, nikamkatia mama vipande vidogo na kumwekea mkononi. Alikula kimoja. Nilikuwa nimechoka ule uchovu wa mtu aliyefanikiwa. Nilijiambia: ameona, amegusa, amesalimia. Yaliyobaki nitayabeba mimi. Niliona ni mzigo ninaouweza.

"Pale ni mwamba," mama alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, na kwenye kelele ile hakuna mwingine aliyesikia.

"Wapi, Mama?"

"Pale uliponipeleka. Baba yako alikuwa na jembe tu. Pale jembe haliingii."

Nilishika kipande cha nyama, nikakirudisha. 

"Jiwe ni langu," aliendelea. "Hilo nimelijua. Lakini yeye hayuko pale. Wamelihamisha."

"Wamelihamisha," nilikubali. "Wakati wa kutengeneza njia. Hawakujua."

"Wangejuaje?"

"Mbona hukusema palepale?"

Alifuta vidole vyake kwa leso, kimoja kimoja. Uso wake ulikuwa umenielekea lakini macho yaliangalia kando kidogo, kama yanavyofanya siku hizi akitafuta ile sehemu inayoona.

"Uliniambia tumempata, na sauti yako ilikuwa inatetemeka," alisema. "Nikajua umelia. Yule sikumpata. Wewe ulikuwa mbele yangu, nakuona kidogo. Nikaona nimbembeleze huyu ninayemwona."

Mpwa wangu alituuliza kama tunataka soda. Nilisema ndiyo. Sikuweza kuinywa. Mama aliinywa yote, taratibu, kisha akaomba tupelekwe nyumbani kabla baridi haijaanza.

Nimewahi kurudi kule mara moja tangu siku hiyo. Nilipanga kumweleza msimamizi, na nilimweleza, na alinisikiliza kwa huzuni ya kweli na kuahidi kuwauliza wazee waliowahi kufanya kazi ya njia. Sijapata habari. Mvua ya masika ilipokuja ilikuja yote kwa pamoja, maji yakapanda tena, na naambiwa sasa ile njia ya kuni imezama mpaka karibu na kisiki. Sijamwambia mama. Naamini anajua, kwa kuwa hajauliza.

Macho yake hayakungoja mwisho wa masika. Siku hizi anatofautisha mwanga na giza, na kivuli cha mtu mlangoni. Asubuhi moja nilimkuta hayuko kitandani wala jikoni. Alikuwa nyuma ya nyumba, amechuchumaa chini ya mparachichi, mikono yote miwili ndani ya udongo, ule udongo wetu mwekundu wa Bahati ambao baba alikuwa akijisifia kwa wageni.

"Hapa panachimbika," alisema aliponisikia. "Niletee jiwe langu."

Nilikwenda jikoni, nikalinyanyua kutoka mlangoni. Ni zito kuliko linavyoonekana. Nililipakata mpaka kule nyuma, nikaliweka alipotengeneza kishimo, akalisawazisha kwa viganja. Nilitaka kumuuliza ni mahali pa kaka yangu au ni pake mwenyewe. 

"Sasa leta mawe," alisema.

"Huku hakuna fisi, Mama."

"Najua hakuna. Wewe leta."

Nikaenda kutafuta mawe. Bahati hakuna mawe mengi, baba hakusema kweli siku ile ya lori, na ilinibidi kuzunguka mpaka kwenye shamba la jirani na kuomba.